Je, Kumnyima Rafiki ni Kukosa Mapendo?

Mwanafunzi mkristu akiombwa na rafiki yake amwonyeshe majibu wakati wa mtihani, moyo wake hufadhaika. Kumnyima, je, si kukosa mapendo?

Mwenye heri Floribert Bwana Chui wa Goma alikataa hongo aliyopewa ili aruhusu chakula kilichooza kiuzwe. Kwa sababu hiyo aliuawa mwaka wa 2007. Aliwapenda watu ambao wangalikula chakula kile, ijapokuwa hakuwajua.

Jibu la kuiba nalo ni chakula kilichooza: leo lampa rafiki furaha, kesho lamwacha na ujinga wake. Basi mwanafunzi amkatalie kwa upole. Na jioni aketi naye, amfundishe somo lile kwa subira, hata akiitwa mchoyo.