Mbwa Wasiohema

Rwimbogo hakuna kiwanja cha mbio za mbwa. Mbwa wa vilima hivyo vya wilaya ya Rusizi, Rwanda, hubweka usiku na kufuata mbuzi mchana, na ukimwona anakimbia, ujue kuna jiwe nyuma yake au mfupa mbele yake. Lakini alikuwepo baba mmoja wa huko aliyewatangazia watoto wake kwamba Jumamosi anawapeleka mjini Kamembe kuangalia mbwa wakishindana. Baba huyo nimemtunga mimi, yeye na mkewe na watoto wao wawili. Mbwa sikuwatunga. Wamo kwenye skrini za maduka ya kubeti katika miji mingi ya Afrika Mashariki, na huenda wanakimbia sasa hivi unaposoma.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti isiyo ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Shule zimefungwa, msimu wa kupanda unakaribia, na katika mfuko wa shati la baba zilikuwamo faranga 20,000, nyingi zikiwa za mbolea. Nauli aliishika mama. Mama alikuwa ameomba jambo dogo tu: wafike ziwani, wale samaki wadogo, sambaza, wa kukaanga, watoto waone boti zinazokwenda kisiwa cha Nkombo. Mume akakubali bila ubishi. "Tunaanza na mbwa dakika kumi, halafu ziwa. Ziwa halihami."

Hadithi za kuonya hupenda kumchora mtu kama huyu mlevi na mkorofi tangu mwanzo, ili msomaji ajisikie salama. Huyu hakunywa. Alilipa mitiweli, bima ya afya, ya nyumba nzima kwa wakati, na kwenye kikundi cha kuweka akiba hakuna aliyewahi kumdai. Mbwa wale alikuwa amewaona mara chache alipokwenda kuuza mihogo, akawapenda kama mtu anavyopenda mpira, na akadhani kwa moyo mweupe kwamba watoto nao watafurahi.

Walipofika Kamembe, mlangoni mwa duka la kubeti, mlinzi akanyoosha mkono. Watu wazima tu. Sheria ya Rwanda ya michezo ya bahati haimruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza, na mlinzi yule alikuwa mtu wa kazi yake. Baba akacheka kidogo kwa aibu, akawaambia wakae barazani, akaingia. Mama akanunua mandazi. Mtoto wa kike, mwenye miaka 7, akaanza kuchora chini kwa kijiti. Kaka yake, mwenye miaka 10, akaweka paji la uso kwenye kioo.

Alichokiona ni mbwa sita wembamba, wenye miguu mirefu, waliovaa fulana zenye namba. Wa kwanza nyekundu, wa pili bluu, wa tatu nyeupe, wa nne nyeusi, wa tano rangi ya chungwa, wa sita milia nyeusi na nyeupe. Mageti yakafunguka, wakatoka kama risasi, wakauzunguka uwanja, mmoja akashinda, watu wawili ndani wakapiga kelele na wengine wakachana tiketi. Nusu dakika tu. Kisha saa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma kuelekea mbio nyingine.

Rangi zile hazikubuniwa kwa ajili ya skrini. Ndizo fulana za mbwa wa Uingereza, na mchezo wenyewe una historia ndefu kiasi. Mmarekani Owen Patrick Smith ndiye aliyehangaika kumtengeneza sungura wa bandia anayekimbia kwa umeme kwenye reli, ili mbwa wamfukuze bila kuua mnyama, na mwaka 1919 uwanja wake ukafunguliwa Emeryville, California. Tarehe 24 Julai 1926 mbio hizo zikaanza katika uwanja wa Belle Vue mjini Manchester, mbele ya watu wapatao 1,700, na baada ya muda mfupi zikawa burudani ya jioni ya wafanyakazi wa viwandani. Sizitetei. Mbwa walivunjika miguu, wengi waliuawa walipopoteza kasi, na ndiyo maana wapiga kura wa Florida waliamua mwaka 2018 kuzikomesha, na serikali ya New Zealand ikatangaza mwaka 2024 kwamba nayo itazifunga. Lakini mbwa wa nyama na damu alikuwa na jambo moja la kumsaidia hata yule mwenye tiketi mkononi: alichoka. Akishakimbia nusu dakika, ulimi nje, mbavu zikipanda na kushuka, humkimbizi tena jioni ile. Anahitaji siku kadhaa. Kwa hiyo mbio za usiku mmoja zilikuwa na idadi yake, taa zilizimwa, na mchezaji, awe amepata au amekosa, alilazimika kurudi nyumbani.

Huyu wa Kamembe hapumziki kwa sababu hayupo. Ni picha tu. Mshindi huchaguliwa na kompyuta kwa bahati nasibu, na ule mkimbio wote, vumbi na kona na yule wa tano anayetokea nyuma mwishoni, ni pambo la kukuonyesha jibu ambalo mashine imeshalitoa.

Baba alicheza faranga 1,000 kwa namba tatu, akakosa. Akacheza tena namba tatu, ikashinda, akalipwa 5,000. Hapo akatoka hadi barazani kuwaonyesha, akarudi ndani. Jua likasogea. Mama akasimama mlangoni.

"Baba watoto, ziwa."

"Ngoja hii iishe."

Ikaisha. Mama akarudi mlangoni baada ya muda.

"Baba watoto, watoto wana njaa."

"Hii hapa ndiyo inaisha, mama. Nakuja."

Nayo ikaisha, kama alivyosema. Katika hadithi hii nzima baba yule hakumdanganya mkewe hata mara moja, na hilo ndilo ningependa wenye familia walitazame vizuri. Mpira una dakika 90. Harusi ina wakati wa keki na wakati wa kutawanyika. Hata mnywaji, mwenye baa humfungia mlango usiku. Mtu mwenye nia njema akisema "hii ikiisha nakuja" anategemea kwamba kitu chenyewe kitamsaidia kutimiza ahadi, na kwa kawaida humsaidia. Pale ndani palikuwa na mbio nyingine kila dakika 4. Hakuna aliyemshika mkono, na hakuna kilichomwambia nenda. Saa ya ukutani haikuwepo, na kioo cha mbele kilikuwa kimebandikwa picha za wachezaji wa Ulaya kutoka juu mpaka kifuani kwa mtu mzima, hivyo mwanga wa nje uliingilia chini tu, pale alipokuwa amesimama kijana wake.

Baba aliingia saa tano asubuhi. Alitoka saa kumi na moja jioni, wakakimbilia gari. Ziwa waliliona kwa mbali, kati ya nyumba mbili, gari likipinda.

Ndani ya gari alikuwa mchangamfu, na hilo lilimchanganya mkewe kuliko kama angenuna. "Nimeshinda mara 15," akasema. "Kumi na tano! Waulize waliokuwamo." Alikuwa anasema kweli tena. Mama akaomba kuona mfuko. Zilikuwamo faranga 5,000. Njia nzima akakaa na fumbo hilo: mtu aliyeshinda mara 15, kila ushindi akilipwa 5,000, anawezaje kurudi na robo ya alichoondoka nacho? Alidhani ameibiwa kwenye umati, au kuna deni analomficha. Hakuna hata moja kati ya hayo.

Kijana naye alikuwa kimya, akiwaza ya kwake. Karibu na nyumbani ndipo aliposema, "Baba, wale mbwa hawatoi ulimi." Baba akamwambia wamefundishwa vizuri.

Wiki iliyofuata watoto wa jirani wakaanza kujaa nyuma ya nyumba. Mama alisikia makelele, akafurahi kwamba wanacheza. Baadaye akaona kitu kisicho cha kawaida: watoto wanakuja na ngumi zilizofumbwa na kuondoka na mikono mitupu. Alipochungulia alimkuta mwanawe ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, mbele yake kopo la maziwa ya unga lenye vizibo sita vya soda. Kila kizibo kilikuwa na namba kwa mkaa na alama ya rangi. Dada yake alisimama kando akitangaza: wametoka, wa pili anaongoza, wa sita anamkaribia! Kijana akafumba macho, akatikisa kopo, akatoa kizibo kimoja.

Hakuhitaji mbwa. Hilo alilielewa pale pale kwenye kioo, siku ile ile, alipoona hawahemi.

Masharti yalikuwa rahisi. Weka haragwe moja juu ya namba unayoipenda. Ikitoka, unalipwa maharage matano. Watoto sita, kila mmoja na namba yake, maharage sita yanaingia. Mshindi anapewa matano, anarukaruka. Moja linabaki kwenye gunia. Tena. Sita yanaingia, matano yanatoka, anarukaruka mwingine. Haikujali nani ameshinda, na kijana hakuwa na haja ya kumpunja mtu. Wote walishinda mara kwa mara, kila mmoja alikuwa na hadithi ya kusimulia kwao, na gunia lilizidi kujaa.

Mama akaketi chini. Si kwa hasira. Alikuwa anapiga hesabu. Saa sita ndani ya duka, mbio moja kila dakika 4: mbio 90. Kwa kila mbio sita, 1,000 moja inabaki dukani. Sita kwenye 90 ni mara 15. Faranga 15,000 hizo hapo, hakuna mwizi wala deni. Mumewe aliingia na 20,000 lakini aliyapitisha dirishani maelfu 90, kwa sababu kila alichoshinda alikirudisha, naye alikumbuka tu zile mara 15 za makofi. Zile 75 nyingine zilipita kimya kimya.

Jioni ile wakaja majirani wawili, wanawake, wakiwa hawana uso wa salamu. Maharage yale hayakuwa ya kupika. Yalikuwa mbegu, yaliyochambuliwa na kukaushwa kwa ajili ya Septemba, na mmoja wao alikuwa amefungua chungu akakuta kimebaki nusu.

"Dada, mwanao ametuvunia shamba kabla hatujalima."

Kijana akaitwa. Akaulizwa kwa nini amechukua mali za watu. Akashangaa kweli kweli. "Sikumwita mtu, mama. Walikuja wenyewe. Na niliwalipa wote walioshinda."

Baba alikuwa kwenye kiti mlangoni, anasikiliza redio. Akaizima. Utetezi ule haukuwa na kosa. Wakili mzuri wa duka lolote la kubeti asingesema tofauti. Majirani nao walinyamaza kidogo, maana kwa kweli kijana hakuiba.

Mama akainuka, akalitoa gunia, akaleta bakuli la kupimia. Akasema maharage yote yanarudi usiku huo, kila nyumba kwa kadiri mtoto wa nyumba hiyo atakavyosema alileta, na ikizidi ni heri izidi. Mwenye kuyapeleka ni baba watoto, yeye mwenyewe, gunia begani, kijana akimfuata na taa. Na katika kila nyumba ataeleza mtoto ameuona wapi mchezo huu.

"Nitasema niliwapeleka matembezi," akajibu baba.

"Sema hivyo hivyo. Sema na saa uliyoingia, na saa uliyotoka."

Nyumba zilikuwa nane. Ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, ilikuwa ya katekista.