Wanangu, Msiikimbilie Amri Hiyo

Wanangu mnaolinda seva, nasikia mmepania kuhamisha majedwali yote ya MySQL kutoka MyISAM kwenda InnoDB. Kwa hilo sina ugomvi nanyi. InnoDB ndiyo injini ya kawaida tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010. Umeme ukikatika katikati ya malipo, MyISAM huweza kuwaachia jedwali bovu, nusu imeandikwa nusu haimo. InnoDB ikiwaka tena hufuta muamala ambao haukukamilika. Nanyi umeme wetu mnaujua.

Ninachokiogopa ni ile skripti fupi mnayopeana: inachota majina kutoka information_schema, kisha kila jedwali inalipiga ALTER TABLE ... ENGINE=InnoDB bila kuuliza. Haichagui. Ndani ya seva mna hifadhidata iitwayo mysql, yenye watumiaji na ruhusa zao. Kabla ya toleo la 8.0, majedwali hayo hayageuzwi kwa mkono. Mkiyagusa, seva mkishaizima haiwaki tena mpaka myarudishe ya zamani. Yatoeni kwenye orodha kabla ya jambo lolote.

Halafu pimeni diski. Mara nyingi amri hiyo hujenga jedwali jipya pembeni ya la zamani, na yote mawili hukaa pamoja hadi kazi iishe. Jedwali la GB 40 kwenye diski iliyobakiwa na GB 30, mnategemea nini? Muda wote huo wanaotaka kuandika wanasubiri foleni, kwa hiyo msiifanye saa nne asubuhi wateja wakiwa dirishani.

Kwenye nakala rudufu ndipo wengi wenu mnapojidanganya. Mnaendesha mysqldump na --single-transaction, mnalala usingizi. Chaguo hilo linalinda majedwali ya InnoDB tu! MyISAM haijui miamala, hivyo mtu akiandika wakati nakala inachukuliwa, majedwali yenu hayataoana. Fungeni uandishi kwanza. Na ALTER haina ROLLBACK, ikishapita imepita.

Mwenye majedwali ya utafutaji wa FULLTEXT akumbuke kwamba InnoDB ilianza kuyakubali toleo la 5.6. Hata huko, MyISAM huanzia maneno ya herufi 4 na InnoDB herufi 3, basi majibu ya utafutaji yanaweza kubadilika.

Mkimaliza, hakikisheni kwa SHOW TABLE STATUS, maana kuna mipangilio ambayo seva hutoa onyo tu na kuliacha jedwali lilivyokuwa. Tazameni pia innodb_buffer_pool_size. Isipoguswa ni MB 128, kidogo mno kwa seva yenye kazi.

Leo jioni chukueni nakala yenu mkairejeshe kwenye mashine nyingine. Isipokubali kurejea, msiguse ALTER hata bosi akipiga simu.