Jina la Nani Lifutwe?

Hivi, msomaji mwenzangu, mtu akiandika jina lake kwenye kazi ya mwingine, nawe ukalifuta uweke la kwako, mkosaji ni nani kati yenu? Swali hili limenikalia kooni hapa Busisi, na lilianzia kwenye gemu.

Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya feri imekwisha, na biashara yangu ya kuwauzia abiria maji nayo imekwisha. Muda ninao. Nikaamua kutia Kiswahili maneno machache ya Super Mario Bros., gemu ya Nintendo ya mwaka 1985. Nafasi zimehesabiwa herufi kwa herufi, na Kiswahili chetu ni kirefu, bwana! Nilipomaliza nikampa rafiki yangu kiraka, yaani kijifaili chenye mabadiliko yangu tu, maana gemu yenyewe ni mali ya wenyewe. Akakibandika kwenye nakala yake. Skrini ikajaa takataka.

Kiraka cha IPS hakiulizi. Kinaambiwa nenda nafasi fulani, andika hiki, basi. Nakala yangu ina baiti 40,976, na 16 za mwanzo ni za utambulisho. Yake haikuwa nazo, kila herufi ikaangukia pasipo pake. Ndipo nikajifunza kupima kwanza. Kuna namba iitwayo CRC32, inayokokotolewa kutokana na yote yaliyomo. Baiti moja ikibadilika, nayo inabadilika. Unailinganisha na ile ya nakala iliyotolewa kwenye kaseti halisi.

Nikapima nakala yangu ya mwanzo. Ikakataa! Nikiondoa zile 16, inakubali. Kufungua utambulisho, nakuta kuanzia baiti ya nane pameandikwa: DiskDude! Ni alama iliyoachwa na programu moja ya zamani, mahali palipotakiwa kuwa patupu. Herufi ile D ikisomwa kama sehemu ya namba ya aina ya kaseti, 0 inageuka 64, na gemu inaweza kugoma kabisa.

Nilimcheka sana huyo jamaa. Kisha nikakumbuka skrini ya mwanzo ya gemu yangu. Palipokuwa na mwaka 1985 na jina la Nintendo, mimi nilikuwa nimeweka jina langu.

Yeye aliandika penye nafasi tupu. Mimi niliandika juu ya jina la mtu. Hapa mwaloni, anayenunua mtumbwi hupaka rangi jina la zamani akaandika la kwake, na hakuna amwitaye mwizi, kwa kuwa amelipa. Mimi nimemlipa nani?

Basi DiskDude nimemfuta, sifuri tisa. Mstari wa 1985 nimeurudisha. Jina langu liko kwenye karatasi ya maelezo inayofuatana na kiraka, ambayo rafiki yangu anasema hakuna atakayeisoma.

"Sasa watu watajuaje kuwa ni wewe?" ananiuliza kila tukionana. Bado sijamjibu.