Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Kwetu mtu akinunua pikapu ya dabo kebini, mtaa mzima huihesabu viti hata kabla haijapata namba: dereva, mmoja kando yake, watatu nyuma, na wakibanana ni wanne, mtoto wa kupakatwa hahesabiwi. Msiba ukitokea kijijini, simu ya pili au ya tatu hupigwa kwake. Mgonjwa akizidiwa usiku, anayegongewa mlango ni yeye. Harusi, kipaimara, mwanafunzi wa bweni na godoro lake, shangazi anayetaka kushushwa stendi alfajiri, wote wanajua kiti kile kipo. Mafuta ni ya mwenye gari, tairi ni zake, mkopo unakatwa kwenye mshahara wake, lakini kiti cha nyuma ni cha watu, na hakuna aliyewahi kuandikiana naye mkataba wa jambo hilo.

Ndiyo maana daktari mmoja wa mifugo ninayemfahamu, anayezunguka vijiji vya Simanjiro, alipofungua bolti za kiti cha nyuma cha pikapu yake na kujenga mahali pake kichanja cha mbao cha kuwekea vifaa, maneno yalisambaa upesi kuliko tangazo lolote la chanjo. Kwa seremala ni kazi ndogo. Kwa ukoo ni tamko. Mtu aliyekuwa na nafasi sasa hana, wala hakuibiwa: ameiondoa mwenyewe kwa spana, mchana kweupe.

Sababu zake ni za kazi. Chanjo nyingi za mifugo hutaka ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8, na sanduku la barafu haliwezi kuuhifadhi ubaridi huo likianikwa juani kutwa nzima. Bodi ya nyuma ina jua, ina mvua, ina vumbi, na gari likisimama mnadani ina mikono ya wapita njia. Juu ya kiti nako hakukaliki: sindano, dawa za minyoo, koleo la kuhasia, kamba, mabuti ya mpira na daftari viliteleza kila alipokanyaga breki. Tena chanjo iliyopata joto mara nyingi haionyeshi. Rangi ni ile ile, chupa ni ile ile. Mfugaji atalipa, ng'ombe atachomwa sindano, na ugonjwa ukija utamkuta mnyama kana kwamba hakuna aliyefika. Daktari ana dhamana kwa watu ambao hawatakaa kamwe katika kiti kile, wala hawajui kwamba kiliwahi kuwapo. Ana dhamana pia kwa waliozoea kukikalia. Dhamana hizi mbili zilikuwa zikigombania nafasi moja, nyuma ya kisogo chake, kwa miaka.

Kiti chenyewe kina asili ya kazi, ingawa tumesahau. Pikapu za mwanzo zilikuwa na kebini moja tu. Mwaka 1957 kampuni ya Marekani ya International Harvester ilitoa Travelette, pikapu yenye safu ya pili ya viti, ili dereva afike kazini na vibarua wake na zana zao kwa safari moja. Toyota Hilux nayo ilipoanza mwaka 1968 ilikuwa na safu moja. Dabo kebini ilikuja baadaye, ikaenea kwetu kupitia miradi, halmashauri na mashirika, kisha ikashuka hadi kwa watu binafsi. Sisi ndio tuliokigeuza kiti cha vibarua kuwa kiti cha wajomba na mashangazi.

Na kugeuza gari ni ujuzi wetu wa siku nyingi. Jijini Nairobi watu walichukua pikapu za mzigo, wakafunga mabenchi nyuma, wakabeba abiria kwa kuviziana na askari, mpaka Mzee Jomo Kenyatta alipoziruhusu matatu mwaka 1973. Dar es Salaam na Unguja zilikuwapo chai maharage, abiria wamekaa kwenye mabenchi wakitazamana, goti kwa goti, kuku chini ya benchi. Nisiwapambe wazee wale kupita kiasi. Walikuwa kwenye biashara, na aliyekosa nauli alishushwa. Hata hivyo mkono wao ulielekea upande mmoja: palipokuwa pa mzigo wakapakiza watu. Daktari wetu amekwenda kinyume chao, palipokuwa pa watu akapanga mzigo. Je, ni kizazi kilichobadilika, au ni haja tu?

Nilikuwapo siku kiti kilipotolewa, kwa seremala mzee ambaye karakana yake ni mwembe na mabati machache. Bolti zilikuwa na kutu, zikanyweshwa dizeli zikaachwa zilainike. Kiti kilipoinuliwa, chini yake palionekana historia ya gari lile: maganda ya karanga, sarafu, kifungo cha sare ya shule, kandambili moja ya mtoto. Na sakafu tuliyoidhani tambarare haikuwa tambarare hata kidogo. Katikati ina tuta, pembeni ina mikunjo, na ukuta wa nyuma umelala kidogo. Daktari alikuwa ameshanunua plaiwudi ya milimita 18, futi 8 kwa 4, na alitaka ikatwe pale pale. Mzee hakuigusa. Alichukua kadibodi la friji, akalikata kwa kukadiria, akalipeleka ndani, akalitoa, akapunguza unene wa kidole upande wa mlango, akalirudisha. Alifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba waliokuwa wakitazama walianza kuondoka. Kadibodi lilipokaa bila kupinda ndipo alipolilaza juu ya plaiwudi na kuchora kwa penseli.

Kwenye kufunga ndipo walipovutana. Daktari alitaka miguu ya kichanja ipigwe bolti mpya, moja kwa moja hadi chini ya gari.

"Daktari, usitoboe," mzee alisema. "Matundu ya kiti yapo. Tutumie hayo hayo. Chini hapa panapita mabomba ya breki na waya, na sisi hatuvioni."

"Mzee wangu, mimi kiti sirudishi tena."

"Wewe hurudishi. Ila gari hili halitakuwa lako milele."

Kisha akauliza jeki inakaa wapi. Katika pikapu nyingi jeki na mpini wake hukaa chini au nyuma ya kiti hicho hicho, na mtu akijenga bila kufikiri, atajikuta barabarani usiku anashusha mzigo wote ili aifikie. Mzee akakata kifuniko juu ya mahali pa jeki, akakitia bawaba. Hajawahi kumiliki gari. Lakini aliweza kumwona mtu asiyemjua, amepata pancha mvuani, mahali pasipo nyumba, naye akamkatia mbao mapema. Ukiniuliza kazi ya mikono inafunza nini, nitakuonyesha kile kifuniko. Mwenye mali alikuwa anaijenga haja yake ya leo. Fundi alikuwa anawajengea pia wasiokuwapo: daktari mwenyewe katika siku mbaya, mnunuzi ambaye bado hajazaliwa kwenye mazungumzo, na mtu atakayetaka kukirudisha kiti na kukuta sakafu haina kidonda. Bolti za kiti zilitiwa kwenye kopo la maziwa ya unga, zikafungiwa nati zake, kopo likaandikwa kwa makaa.

Katika Marekani na Australia kichanja cha aina hii kimekwishakuwa bidhaa. Wapo wanaokiuza tayari, cha alumini au plaiwudi iliyokatwa kwa mashine ya kompyuta, chenye droo zinazoteleza na nafasi ya friji dogo la safari, kinachoingia kwenye modeli fulani ya gari bila kupunguzwa popote. Ni vitu vizuri, na mwenye fedha anunue. Mimi napenda zaidi hiki cha mwembeni, chenye pembe moja iliyopigwa msasa kupita kiasi na kipande cha zulia kuukuu juu yake, kwa sababu kila kilichomo kimetokana na swali la mtu fulani kuhusu gari fulani na njia fulani. Droo ya kushoto ni fupi kuliko ya kulia kwa sababu mlango wa kushoto haufunguki wote. Kiwanda gani kingejua hilo?

Upo upande mwingine ambao wapenda kujenga huupita haraka mno. Kiti kina mkanda; mzigo hauna, asipoufunga mtu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, likagonga na kusimama ndani ya nusu mita, sanduku la kilo 10 litasukuma mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200, na kilicho mbele yake ni shingo ya dereva. Hivyo kichanja kina ubao uliosimama upande wa mbele, na pete za chuma za kupitishia mikanda. Kimoja hakikuruhusiwa kuingia kabisa: mtungi wa naitrojeni ya maji, unaotunza chanjo ya ndigana kali katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni ile huvukiza taratibu, haina harufu, na ndani ya kebini iliyofungwa vioo inaweza kuiondoa hewa ya kupumua bila dereva kushtuka. Mtungi husafiri bodi ya nyuma, umesimama wima, umefungwa kamba. Kwa hiyo hata baada ya kuwaondoa watu wote, bado kuna kisichofaa kukaa walipokaa.

Baba yake mdogo alikuja kukiona kichanja kilipokamilika. Alizunguka gari, akachungulia, akakigonga kwa fimbo.

"Sasa mwanangu, mimi nikizidiwa usiku utanilaza juu ya mbao hizi?"

"Hapana, baba mdogo. Ukizidiwa nitakodi gari lenye viti. Hili ni la ng'ombe."

"Basi ng'ombe wa watu wana bahati," mzee akasema, akaenda zake kunywa chai.

Nimelifikiria sana jibu lile, na sioni kwamba mzee alikosea. Mahali ambapo gari la wagonjwa liko mbali na barabara ni ya mashimo, kiti kitupu cha ndugu ni sehemu ya afya ya ukoo. Anayekiondoa amepunguza akiba ambayo wengine waliihesabu. Lakini tuwatazame na wale waliobakiza viti vyao. Yupo ambaye kila akiombwa gari lina hitilafu. Yupo anayezima simu saa tatu usiku. Yupo anayepakia watu huku akinuna njia nzima, na kesho yake kila aliyepanda anatajwa sokoni kwa jina na kwa lita. Viti vyao vipo, safi, vimevikwa vitambaa. Daktari yeye amesema hapana mara moja, kwa mbao na skrubu, mbele ya watu, na hasemi tena. Mtaa umemnunia, kisha umemzoea. Siku hizi anaitwa shughulini kubeba masufuria na turubai, vitu ambavyo zamani hakuna aliyemwomba kwa kuwa gari lilikuwa limejaa watu. Kukataa kwa uwazi na kukubali kwa kinyongo, kipi kinamjeruhi ndugu zaidi?

Kiti kilichotolewa hakikwenda stoo. Kiko barazani kwake, kimeegemezwa ukutani juu ya matofali, na ndicho wageni wanachokikimbilia kwa sababu ni laini kuliko stuli. Baba mdogo hukikalia kila Jumapili.

Mimi ningebakiza nafasi ya mtu mmoja nyuma. Kiti cha gari lake kimegawanyika vipande viwili, kikubwa na kidogo, na kile kidogo kingeweza kuachwa bila kuharibu hesabu ya kichanja. Nilimwambia hivyo wakati kadibodi bado linajaribiwa. Alikataa. Nafasi moja, alisema, ni ngumu kuliko tatu, kwa kuwa itamlazimu kila asubuhi kuchagua nani apande na nani abaki, na yeye hataki kuwa hakimu wa jamaa zake kabla ya chai. Sikukubaliana naye, na mpaka leo hatujakubaliana. Kiti cha mbele kushoto hajakigusa. Hapo hupanda yeyote anayekutwa njiani kuelekea aendako daktari, awe diwani au mchunga mbuzi, ilimradi akubali kupakata ndoo ya dawa ya kuogeshea mifugo, ambayo kwenye kichanja haikupatiwa mahali.