Ramadhani na Kibarua Wako


Yupo tajiri anafunga, tarawehe hakosi, lakini mbangua korosho wake akikaribia miezi 6 anaambiwa, "Kesho usije." Anajua Sheria ya Ajira ya 2004 inamlinda na kuachishwa kiholela yule aliyefikisha miezi 6. Haya, CMA umeikwepa. Lakini katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu ndiye hasimu, Siku ya Kiyama, wa anayemaliza kumtumikisha mtu asimpe ujira wake. Siku alizofanya umemlipa? Mlipe leo kabla ya magharibi, akafuturishe wanawe.

Nawe uliyetimiza miezi 6 ukaachishwa bila sababu, una siku 30 tu kupeleka lalamiko CMA. Usingoje Idi ipite.