Wimbo wa Kutumwa

Wimbo uliotumwa na siasa ni wa nani: wa aliyeutuma au wa anayeuimba? Swali hili limenisumbua hapa Terrat tangu nilipostaafu.

Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, wasanii waliitikia. Mathias Mnyampala alitunga ngonjera za kuieneza siasa ile; bendi za dansi, kama NUTA Jazz ya wafanyakazi, nazo ziliiimba. Sidhani wote walilazimishwa. Wengi waliamini, nami niliamini.

Mwaka 1975, nikiwa mwalimu kijana, niliwafundisha watoto ngonjera ya kusifu vijiji vya ujamaa. Msichana mmoja alinyamaza kila tulipofika kwenye ubeti wa nyumba mpya. Nikamchapa. Baadaye nikajua kuwa nyumba ya kwao ilikuwa imebomolewa wiki ile, katika Operesheni Vijiji.

Vina na mizani vilikuwa kamili. Kilichokosekana ni ruhusa ya kunyamaza. Msanii aweza kuitumikia siasa kwa moyo safi. Lakini kiitikio asichoweza mtu kukikataa ni amri tu.

Siku hizi vijana wa Arusha wakiwasema wakubwa kwa rapu, wazee wenzangu hukasirika. Mimi humkumbuka yule msichana, nikakaa kimya, nikawasikiliza.