Mlevi Anayetubu Asibaki Peke Yake

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Maida aya ya 91 na 92, yatufundisha kuwa ulevi ni uchafu utokanao na kazi ya shetani, naye kwa ulevi hutaka kutia uadui baina ya watu na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu wala wasisali. Hilo halina shaka. Lakini wako ndugu, hasa walioingia Islam karibuni na wale wanaochungua ukweli wake, ambao wanajua vizuri kuwa pombe ni haramu, wanaichukia, na hata hivyo wamefungwa nayo. Asubuhi huapa, jioni wakaonekana kilabuni. Kisha huona haya, huacha kuja msikitini, na hujiambia: "Mtu kama mimi hana nafasi katika dini." Ndugu wa namna hii ndio tunaowaandikia maneno haya.

Ewe ndugu, sikiliza habari iliyomo katika Sahih Bukhari. Zama za Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwako mtu aliyeletwa mara kwa mara kuadhibiwa kwa ajili ya ulevi. Siku moja mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume s.a.w. akamkataza, na akashuhudia kuwa mtu yule alimpenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Tazama! Pombe haikuhalalishwa, na adhabu ilitolewa; lakini mlango wa jamaa haukufungwa. Basi anayekunong'oneza kuwa huna nafasi si dini, bali ni shetani yule yule aliyekupa chupa.

Tena Mwenyezi Mungu, katika Sura Tauba aya ya 119, anawaamuru waaminio kumcha Yeye na kuwa pamoja na wakweli. Ucha Mungu wahitaji wenzi. Mlevi hudanganya nyumbani, hudanganya kazini, mwisho hujidanganya mwenyewe. Kwa hiyo dawa yake ya kwanza ni kukaa mahali ambapo ukweli wake waweza kusemwa.

Mwezi wa Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa hotelini katika mji wa Akron, Marekani. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, na biashara yake ilikuwa imeharibika. Sauti za baa zikamvuta. Badala ya kuingia, alipiga simu kutafuta mlevi mwenziwe wa kuzungumza naye, akaelekezwa kwa daktari mpasuaji, Robert Smith. Daktari huyo aliyajua madhara ya pombe kwa elimu, lakini elimu haikumwokoa. Yalimfaa maneno ya mtu aliyeugua ugonjwa ule ule. Hapo ndipo kilipoanza chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, ambacho leo kina vikundi katika nchi zaidi ya 150. Na mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane walipima tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakakuta kuwa tiba zinazowaongoza wagonjwa kwenye vikundi hivi huwasaidia kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizozoeleka.

Utakipataje kikundi? Anza kwa daktari. Ikiwa umekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, usiache ghafla peke yako, kwani mwili waweza kutetemeka, kushikwa na degedege na kupayapaya, hata mtu akafa. Kisha uliza katika idara ya magonjwa ya akili ya hospitali wapi vikundi hukutana. Hakuna ada, sharti ni moja tu, kutaka kuacha. Utataja jina lako la kwanza, na siku ya mwanzo waweza kusikiliza tu. Baadaye chagua mmoja aliyetangulia kupona, ili umwendee saa ile kiu inapokushika.

Labda utasema: "Islam imetukataza kuzitangaza dhambi zetu." Ni kweli, lakini kumweleza tabibu ugonjwa si kutangaza dhambi, na katika vikundi hivi yasemwayo huachwa pale pale. Au utasema: "Njia hii haikuanzishwa na Waislamu." Hatua zake 12 zamtaka kila mtu kumtegemea Mungu kama anavyomfahamu, basi Mwislamu hana haja ya kumwacha Mola wake mlangoni. Wakisoma sala ya dini nyingine, wewe nyamaza, umwombe Mwenyezi Mungu moyoni mwako. Huko Zanzibar, tangu 2009, nyumba za kuwaponya waraibu, hasa wa heroini, zimefuata hatua hizo hizo miongoni mwa Waislamu wanaosali na kufunga.

Nanyi ndugu ambao pombe haikuwashika, kumbukeni sharti la tisa la baiati, lililotangazwa na Masihi Aliyeahidiwa a.s. mwaka 1889: kuwatumikia viumbe vya Mungu kwa ajili Yake tu. Ndugu akirudi msikitini baada ya kuanguka, msimnong'one. Mpeni mkono, mwulizeni siku ya mkutano wake, na mmsindikize hadi mlangoni.

Na wewe uliyeanguka jana, simama leo. Sura Az-Zumar aya ya 54 yawakataza waliojidhulumu nafsi zao wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Tawadha, sali, kisha uende ukawatafute wenzio. Mwenyezi Mungu akutie nguvu na akuthibitishe. Amin.